Kazi ya Tatu: Kaa

Niliondoka shamba la mkonge asubuhi moja kwa sababu nilitaka kujua nanasi linaingiaje ndani ya mkebe.

Sikuwa na mpango mwingine. Jana yake mpishi wa kambi alikuwa ametugawia mkebe wa mananasi uliobonyea ubavuni, nasi tukala vipande kwa ncha za visu. Wenzangu walilamba vidole wakaenda zao. Mimi nilibaki na mkebe mtupu, nikiugeuza juu chini. Haukuwa na mlango. Nanasi zima, na miiba yake yote, lilikuwa limepita wapi? Kulipokucha, wenzangu walipojipanga mbele ya nyapara, mimi nikafunga blanketi langu, nikatundika viatu begani na kushika njia ya Thika.

Mfukoni nilikuwa na tikiti ya kazi. Aliyewahi kufanya kazi ya shamba miaka ile anaijua: kadi ngumu yenye visanduku thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, nyapara anaweka alama katika kisanduku kimoja. Usipoimaliza hakuna alama, hata kama ulitoka jasho mpaka kwenye magoti. Ulipewa siku arobaini na mbili za kujaza thelathini. Yangu ilikuwa na alama kumi na saba. Ya kabla yake, kwenye shamba la kahawa huko Ruiru, ilikuwa imefika ishirini na mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu. Nilikuwa nimeanza tikiti tano maishani mwangu na sikuwa nimejaza hata moja.

Ndivyo nilivyokuwa tangu utoto. Shule niliiacha darasa la nne, siku wapimaji wa barabara walipopita kijijini na chombo chao cha miguu mitatu chenye jicho la kioo. Niliwafuata mpaka jua likazama, na kesho yake nikaona haya kurudi kwa mwalimu. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba amezaa watoto wanne na moshi mmoja.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na Mkikuyu asiye na barua ya njia hakufika mbali. Mimi nilikuwa mtu wa magharibi, kutoka upande wa ziwa, na askari alinisimamisha mara moja tu, kwenye daraja la Chania. Aliangalia kipande changu cha utambulisho akaniuliza ninakwenda wapi.

"Kuona nanasi," nikamwambia.

Alinitazama kwa huruma, akanirudishia kipande changu.

Kwenye lango la kiwanda, mlinzi hakuwa na huruma. "Humu wanaingia watu wa kazi na mananasi," alisema. "Wewe ni yupi?" Nikamwambia nataka kuchungulia tu. Akasema mananasi nayo husema hivyo hivyo, na tazama yanavyoishia.

Basi nikawa natembea mjini na swali langu likiwa zima, nikipita kwenye veranda za maduka ya Wahindi, ndipo nikamwona mzee mmoja wa Kikamba akishona kaptula. Nje ya duka la vitambaa kulikuwa na cherehani mbili. Moja alikuwa anaikanyaga yeye. Nyingine ilikuwa imefunikwa gunia. Nilikuwa nimeona cherehani mara nyingi, lakini siku hiyo niliitazama kwa macho ya mtu aliyefukuzwa langoni. Sindano ilikuwa na uzi mmoja, ikishuka na kupanda. Lakini fundi alipogeuza kitambaa, chini kulikuwa na uzi mwingine.

"Fundi," nikasema, "huo uzi wa chini unatoka wapi?"

Hakuinua kichwa. "Habari ya asubuhi na wewe pia."

Nikamsalimu ipasavyo, kisha nikauliza tena. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akavuta kibati kidogo pembeni ya sindano, akanionyesha kibobini, kigurudumu cha uzi wa chini, kimelala humo ndani kama yai ndani ya kuku. Nilipiga magoti sakafuni nikatia jicho. Nilikaa hapo nikiuliza mpaka kaptula ikaisha na nyingine ikaanza. Uzi wa juu unaushikaje wa chini? Kwa nini usikatike? Nani aligundua? Hilo la mwisho alisema hajui, na akaonekana kuudhika kwamba hajui.

Mwenye duka, Mhindi mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitoka akanikuta nimelala kifudifudi chini ya cherehani yake.

"Nani hii?"

"Ni mtu wa maswali, bwana," fundi akasema. "Labda angefaa kwa ile ya pili."

Hapo ndipo nilipopata habari ya ile cherehani ya gunia. Fundi wake alikuwa amerudi kwao Nyanza na hakurejea. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na watoto wangetaka kaptula. Mwenye duka alikuwa ameamua kwamba asipopata mtu ataiuza, maana cherehani iliyokaa bure, alisema, inakula kutu yake na kutu ya duka. Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vilivyokuwa begani.

"Wewe naweza kaa?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, kwa haraka sana. Nilitaka ile cherehani kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, hata kuliko nanasi. Nilikuwa nikikaribia miaka ishirini na mitano, na kitu pekee nilichojua kufanya vizuri kilikuwa kuondoka.

Fundi alinyoosha mkono akachomoa ile tikiti iliyochungulia mfukoni mwangu. Aliisoma kama daktari anavyosoma ulimi. "Kumi na saba," akamwambia mwenye duka. "Huyu hakai, bwana. Huyu anapita." Lakini kisha akaigeuza, na nyuma ilikuwa nyeupe. Akachukua penseli na rula, akachora visanduku thelathini vingine. "Sheria ya shamba," akasema. "Thelathini ndani ya arobaini na mbili. Akijaza, na akishona suruali ndefu bila mkono wangu kugusa, anakaa kwenye ile. Asipojaza, uza."

Mwenye duka alikubali, akarudi ndani akicheka peke yake.

Nikalala kwa fundi, chumbani kwake mtaa wa Majengo, juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Kesho yake, kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kuanza, nilimletea karatasi niliyoandika mambo yote ninayokusudia. Naikumbuka bado. Kujua cherehani yote. Kushona suruali. Kujua Kiingereza. Kuona meli. Kumwandikia mama. Kujua nanasi. Fundi aliwasomea wateja wawili kwa sauti, na mmoja wao, mama muuza ndizi, akauliza kama nimesahau kuoa.

Kisha akachukua mkasi mkubwa na kuikata karatasi yangu, khrr, kama anakata kitambaa cha kaki, akanirudishia ukanda mwembamba usiozidi urefu wa kidole chake cha kati.

"Hapa zinaingia kazi tatu," akasema. "Tatu za leo. Hiyo yako ni nguo ya miaka kumi, unataka kuivaa kabla ya chai."

"Na kuona meli?"

"Meli iko Thika?"

"Hapana."

"Basi si ya leo. Na sikia, msafiri. Kitu ambacho jioni huwezi kunionyesha kwa kidole, hicho si kazi. 'Kujua cherehani' nitakionaje? Kiko wapi? Andika: kutia uzi kwenye sindano mara ishirini. Hicho nitakihesabu."

Nikaandika. Ya pili ilikuwa kushona gazeti kwenye ile cherehani ya pili: unatoa uzi, unapitisha ukurasa wa gazeti kuukuu chini ya sindano, unafuata mistari ya maandishi bila kupinda. Ya tatu alisema ataitaja yeye.

"Andika: kaa."

"Kukaa nako ni kazi?"

"Kwako wewe ndiyo kazi yenyewe. Kaa mpaka treni ya adhuhuri ipige honi. Na ikishapiga, endelea kukaa."

Sindano niliimaliza kabla jua halijafika kwenye ngazi za veranda. Gazeti nilililipua mpaka sura ya mheshimiwa mmoja ikapasuka katikati, lakini mistari ya mwisho ilikwenda sawa. Kisha treni ikapiga honi, na nilipopata fahamu nilikuwa stesheni, nikimuuliza dereva maji ya injini yanaingilia wapi.

Niliporudi nikamkuta fundi anakula muhogo wake. Nikampa ukanda wangu. Akaweka alama ya kwanza, akaweka ya pili, kwenye ya tatu akapuliza tu kama anayefukuza nzi.

"Mbili si tatu," akasema. "Nyapara wa mkonge angekupa alama kwa mistari miwili kati ya mitatu?"

Kisanduku cha kwanza kikabaki tupu.

Ndivyo zilivyokwenda siku zangu. Kila asubuhi fundi alikata ukanda, nami nikaandika kazi tatu, mbili za mikono na moja ya makalio. Kazi za mikono nilizipenda kwa sababu zilikuwa ndogo na kila moja ilikuwa na siri yake. Kujaza bobini bila kuvimba upande mmoja. Kukunja pindo kwa ukucha. Kushona kona bila kuinua mguu. Nilishangaa jinsi jambo kubwa lilivyolainika likivunjwa hivyo, kama ugali wa mtoto. Lakini ile ya tatu ilikuwa adui. Siku moja lilipita jeneza lililobebwa kwa baiskeli. Siku nyingine Kalasinga mmoja alikuwa anafungua injini ya lori zima barabarani na kuipanga juu ya turubai kama mtu anayeuza samaki, na nani angeweza kukaa? Nilirudi na mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Makalio yako yana miiba?" fundi akaniuliza.

"Ni macho, Fundi."

"Basi kalia macho."

Mwenye duka alianza kunipenda, nadhani, kama mtu anavyompenda kuku anayeruka ukuta. Alipotoka kufungua mbao za duka asubuhi alikuwa akiuliza, "Iko?" Fundi akajibu, "Bado iko, bwana." Kuna siku alijibu, "Ilikuwako."

Hata hivyo, visanduku vilianza kujaa. Nilikuwa nimefikisha kumi na kimoja pale yalipotokea maafa ambayo hadi leo sijasikia yakimpata mtu mwingine. Fundi alikuwa akitia alama kwa chaki yake, ile chaki bapa ya kuchorea kitambaa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyuma ya sikio lake siku zote. Mimi nikiiweka tikiti kwenye mfuko wa shati, nikitembea, nikitoka jasho, nikilala nayo. Asubuhi ya siku ya kumi na sita nikaitoa ili nijifurahishe kwa kuhesabu. Ilikuwa nyeupe kama siku iliyochorwa.

Nilimpelekea fundi mbio.

"Nyapara hajui sura ya mtu," akasema, akiigeuza kwenye mwanga. "Anajua alama."

"Lakini alama ni zako, Fundi. Uliziandika kwa chaki."

"Mimi ni fundi. Chaki ya fundi huandikwa ili ifutike. Ukivaa suruali unaona chaki?" Nikaona kwamba na yeye ameona aibu kidogo, maana alijikuna nyuma ya sikio pale pale ilipokaa ile chaki. "Ulifanya nini siku hizo kumi na moja?"

Nilikuwa nimezitunza kanda zangu zote za karatasi, nimezichoma kwenye msumari mmoja kama mishikaki. Nikamletea. Akafunika macho, akachomoa mmoja, akasoma: "Kona nne bila kuinua mguu. Nionyeshe." Nikamwonyesha. Akachomoa mwingine: "Bobini tatu." Nikajaza. Akazipitia zote hivyo. Kazi ambazo zilinichukua siku kumi na moja nilizimaliza kabla watu hawajaenda kula cha mchana, na moja tu ndiyo niliyorudia mara mbili. Katikati ya kazi hizo treni ilipiga honi. Ni fundi aliyeniambia baadaye. Mimi sikuisikia.

Fundi alitia uzi mwekundu kwenye sindano ya mkono akashona kisanduku cha kwanza cha tikiti yangu, mshono mmoja, akafunga fundo nyuma. Kisha cha pili, mpaka cha kumi na moja.

"Uzi haufutiki," akasema. "Ukinichezea nitaufumua."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikitembea na kadi yenye damu ya uzi kifuani, na watu wa veranda zile walianza kuniuliza imefika ngapi. Yule mama muuza ndizi alikuwa akinitupia ndizi ili nisipate sababu ya kuinuka. Nilianza kukata kaki. Nilishona kaptula ya kwanza yenye mguu mmoja mwembamba, na fundi akaitundika mlangoni kwa siku mbili kwa ajili ya mteja atakayekuja na mguu wa namna hiyo. Nilifumua nikashona tena. Siku kadhaa nilishindwa kukaa, na zikapotea. Hesabu ikafika mahali pabaya: siku ya arobaini na mbili ilinikuta na mishono ishirini na tisa.

Ukanda wa siku hiyo niliuandika mwenyewe, fundi hakunisaidia. Moja: kumaliza suruali ndefu. Mbili: vifungo vitano. Tatu: kaa mpaka mbao zifungwe.

Nilianza mapema. Kufikia saa nne mifuko ilikuwa imekaa, miguu miwili ikiwa mapacha. Fundi alikuwa ameweka mikono yake chini ya mapaja ili asijaribiwe kugusa. Mwenye duka alikuwa mlangoni akijifanya anapanga vitambaa.

Ndipo lori likaja. Nililisikia kabla sijaliona, na sikuliona kabisa, kwa sababu barabara kuu ilikuwa nyuma ya duka. Kwanza watoto walikimbia. Halafu wanawake wa sokoni. Halafu Kalasinga na spana yake mkononi. Ardhi ilikuwa inatetemeka, na kitu fulani juu ya lile lori kilikuwa kinatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, si ya mnyama na si ya chuma. Mwenye duka aliacha vitambaa akatoka mbio, tumbo likimtangulia. Mama wa ndizi aliacha ndizi.

Mguu wangu wa kulia uliondoka kwenye kanyagio. Nasema mguu kwa sababu mimi mwenyewe sikuuamuru. Niliutazama ukiwa umefika kwenye ngazi ya kwanza. Fundi hakunitazama. Alikuwa anatazama tikiti yangu juu ya meza, na kidole chake kilikuwa juu ya kisanduku cha mwisho.

Nikaurudisha mguu. Nikashona kifungo cha pili.

Watu waliporudi niliwauliza bila kuinua kichwa. Mtoto mmoja alisema ni simba wawili ndani ya kizimba. Kalasinga alisema ni mtambo wa kiwanda, lakini hakujua wa nini, jambo lililomuuma. Mama wa ndizi alisema ni kengele ya kanisa, kubwa kuliko kanisa lenyewe. Mwenye duka alisema ni kitu, kitu kubwa sana, akapanua mikono mpaka ikagonga mlango. Wote walikubaliana jambo moja tu: limeelekea Nairobi.

Niliteseka mpaka jioni. Mbao za duka zilipofungwa, mwenye duka aliishika suruali, akaivuta mshono kwa nguvu zake zote kama anayegombana nayo. Haikuachia. Fundi alitia uzi mwekundu kwenye kisanduku cha thelathini, akafunga fundo.

"Wewe naweza kaa," mwenye duka akasema.

Nikaangalia ile cherehani yangu, iliyokwisha kufunikwa gunia lake la usiku. Yeye akatikisa kichwa. Shemeji yake alikuwa amefungua duka Ruiru, veranda nzuri, fundi hakuna. Cherehani ingepanda lori la asubuhi, na mimi pamoja nayo.

Fundi, niliyekuwa nimemsimulia ule moshi wa mama, alianza kucheka. Alicheka mpaka chaki ikamtoka nyuma ya sikio. "Nimemfunga moshi kwa siku arobaini na mbili," akasema, "na zawadi yake ni safari."

Asubuhi, kabla lori halijaondoka, alinipa mkasi mdogo na kifurushi cha karatasi ya kahawia. Hakuniaga kwa maneno mengi. "Urefu wa kidole," akasema. "Sasa ni kidole chako."

Ruiru niliijua kwa upande wa mashamba ya kahawa tu, kutoka kwenye mistari ya miti. Mji wenyewe, na maduka yake na stesheni yake, ulikuwa mgeni kwangu. Tuliiteremsha cherehani kwa shemeji, kisha nikatafuta chumba. Nilikipata nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kikuyu aliyekuwa akiuza uji kando ya barabara kuu. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la kiganja kimoja, na harufu ya kuku waliohama karibuni.

"Utakaa siku ngapi?" aliniuliza. "Watu wa magharibi mnakuja, kesho mmeenda."

Nikamwonyesha tikiti. Aliipapasa ile mishono kwa kidole gumba, mmoja mmoja, akaona kwamba ni mingi, akanipa ufunguo.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikakata ukanda wa karatasi kwa kipimo cha kidole changu cha kati, nikaandika ya kesho. Moja: kutia cherehani mafuta baada ya vumbi la njia. Mbili: kaa mpaka mbao zifungwe. Ya tatu ilinijia yenyewe, maana barabara ya Thika kwenda Nairobi ilipita pale pale mbele ya sufuria za uji: kuuliza kama kuna mtu wa Ruiru aliyeliona lile lori.

Mama alikuwa bado amesimama mlangoni, akinitazama kwa mashaka. Huenda hakuwahi kupata mpangaji aliyeanza kwa kukata karatasi. "Unaandika nini?"

Nikamsomea.

"Haiya, lile lori la jana?" akasema. "Mimi nililiona. Lilisimama hapa hapa, dereva akanywa uji. Juu yake kulikuwa na—"

"Usiniambie, mama," nikasema, na nikaushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. "Tafadhali. Hiyo ni ya kesho, na ni ya tatu."